Breki za Nyuma na Kisiwa Kisicho na Milima

Harufu ndiyo iliyotangulia, kelele zikafuata. Tulikuwa tunarudi mjini kutoka Jambiani, kwa mama mkwe wangu. Mke wangu alishika usukani, mimi nilikaa kushoto kwake, na kaka yake alijinyoosha kiti cha nyuma. Tulipoyamaliza matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa ili madereva wapunguze mwendo kwa ajili ya kima, nikasikia harufu kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nilidhani kuna mtu anachoma majani shambani. Kisha ukaanza mlio mwembamba, mkali, wa kutia ganzi meno, ukitoka nyuma ya gari na kuzidi kila mke wangu alipogusa breki.

"Mnasikia?" kaka yake akauliza.

"Nasikia," mke wangu akajibu. Vidole vyake vilikaza kuushika usukani.

"Gari linalia, bibi wee. Umelifanya nini?"

Akalitoa barabarani taratibu, akasimama penye uwazi wa majani. Tukashuka sote. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa likitoa moshi mwembamba. Nilidondosha tone la maji kwenye chuma chake kwa kidole, likachemka palepale na kupotea. Nikazunguka kushoto, nalo lilikuwa moto, ingawa tone lile halikuchemka, lilikauka tu upesi. Magurudumu ya mbele yalikuwa na uvuguvugu wa kawaida.

Shemegi yangu hakuhitaji kuzunguka. "Nshajua mie," akasema. "Umeendesha na breki ya mkono iko juu. Tangu Jambiani mpaka hapa, mwanamke wee!"

"Nimeishusha."

"Umeishusha wapi? Breki hazijichomi zenyewe."

"Nimeishusha, kaka. Na taa yake imezimika, nimeiona kwa macho yangu."

Akanigeukia mimi. "Shemegi, weye ulikuwa pale pembeni yake. Umemwona?"

Sikuwa nimeangalia. Wakati tunaondoka nilikuwa nampungia mkono mama mkwe. Ningeweza kusema ndiyo na shughuli ikaisha, lakini sina desturi ya kushuhudia nisichokiona. "Sikuangalia," nikasema.

Mke wangu alizunguka gari, akanijia. Alinyoosha mkono, akauweka ufunguo kwenye kiganja changu, akafungua mlango wa nyuma na kuingia. Njia nzima iliyobaki niliendesha mimi, polepole, na yeye alitazama dirishani.

Inafaa nieleze kwa nini ufunguo ule ulikuwa mzito. Mama mkwe wangu analima mwani Jambiani, na magoti yake yamechoka. Zamani alikuja mwenyewe mjini kututembelea. Siku hizi kupanda na kushuka gari la abiria kumekuwa mateso, kwa hiyo sisi ndio wa kwenda. Lakini mimi ni karani wa mizigo pale bandarini Malindi, na meli hainiulizi kama nina safari, na shemegi yangu ana shughuli zake. Mke wangu alikuwa akingoja mpaka mmoja wetu apate nafasi, na mara nyingi nafasi haikupatikana. Ndipo alipokwenda chuo cha udereva, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, akakaa darasani na vijana, akafundishwa, akafanya mtihani na kufaulu. Alimpigia simu mama yake siku hiyohiyo: "Mama, sasa n'takuja mwenyewe. Simngoji mtu." Safari ile ya Jambiani ilikuwa ya kwanza kwake kuendesha kwenda na kurudi. Sisi wanaume wawili tulikwenda kama abiria.

Siku ya pili nilimwambia, "Mama yako akihitaji kitu, tutakwenda Ijumaa. Utaendesha weye."

"Endesha mwenyewe," akasema. "Mie nshamaliza."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana nilishituka.

Fundi tuliyempelekea gari ni mtu mzuri na ana mkono mwepesi. Alifungua magurudumu ya nyuma, akaivua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, akanionyesha viatu vya breki vilivyomo ndani, vile vipande viwili vilivyopinda vinavyotanuka na kuikamata dramu ili gari lisimame. Uso wa viatu vile ulikuwa umeng'aa kama kigae.

"Unaona, mzee? Vimeungua. Vikishang'aa hivi vinateleza, ndiyo unasikia kelele. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mke wangu."

"Basi." Alicheka bila ubaya. "Breki ya mkono hiyo. Wanasahau. Mama watoto wangu mie angelitia gari moto kabisa."

Alivipiga msasa viatu mpaka vikarudi kuwa vikavu na vyenye kukwaruza, akapuliza vumbi, akasukuma hiki na kile kwa bisibisi mpaka vyote vikakaa mahali pake, akafunga. Nikaendesha. Kimya. Nilikwenda kazini na kurudi, nikaenda Chukwani kwa shemegi, nikaenda Fuoni kwenye maziko ya jirani yetu wa zamani. Kila nilipofika nilishuka, nikapeleka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Yote manne yalilingana.

Shemegi yangu alipoona nashikashika magurudumu uani kwake alicheka sana. "Unampima homa? Gari limepona, bwana. Limeachana na aliyelitia ugonjwa."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya, na lazima niseme wazi jinsi yalivyokuwa mabaya. Akiendesha yeye, breki zinaungua. Nikiendesha mimi, haziungui. Ushahidi wa namna hiyo ukiletwa mbele yangu kazini, kwamba makasha hufika yamevunjika zamu ya mtu mmoja na hufika mazima zamu ya mwingine, najua ningemtilia shaka nani. Mke wangu naye aliliona hilo bila mtu kumwambia. Alipoulizwa na mama yake kwenye simu lini atakwenda, alisema gari halijatengemaa. Lilikuwa limetengemaa, na alijua kwamba mimi nasikia.

Sikusomea ufundi. Nilichonacho nimekipata vitabuni, vile vikuukuu vinavyouzwa kwa mafungu, na kwa kufungua vitu vilivyokufa ili nione vimekufaje. Kitu kimoja nimejifunza humo: ukilinganisha siku mbili, hesabu kwanza tofauti zote, usikamate ile ya kwanza inayokupendeza. Kati ya siku yangu na siku yake sote tuliona tofauti moja, dereva. Lakini dereva si kitu kimoja. Dereva ni mikono na miguu inayofanya mambo fulani kwa utaratibu fulani. Basi swali likawa jingine: yeye anafanya nini ambacho mimi sikifanyi?

Nilikuwa nimeketi ofisini, mbele yangu orodha ya mizigo ya saruji, jibu liliponijia, na nikasimama bila kujua kwamba nimesimama. Mwenzangu akauliza kama nimeumwa na mdudu.

Mimi siitumii breki ya mkono.

Nilirudi nyuma kwa mawazo miaka yote niliyolimiliki gari lile, na sikukumbuka hata mara moja. Nikifika, naweka giya ya kuegeshea, nazima, nashuka. Shemegi yangu hivyo hivyo. Fundi hivyo hivyo. Kisiwa hiki ni tambarare kama sinia. Gari ukiliacha pale Malindi au Chukwani liende wapi? Nani katika jamaa zangu anayeivuta? Mmoja tu, aliyefundishwa chuoni kwamba ukisimama unavuta, na ukiondoka unashusha, na ambaye hufanya kama alivyofundishwa. Mara ya kwanza kaka yake alipomwona akiivuta nje ya nyumba yetu alimtania, "Bibi, unaogopa gari litaporomoka mpaka Pemba?" Sote tulicheka, na mwenyewe pia. Lakini hakuacha.

Kwa hiyo tofauti haikuwa lazima iwe kwamba alisahau kuishusha. Yumkini ilikuwa kwamba aliivuta.

Sikuweza kungoja Ijumaa. Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye gari. Niliivuta breki ya mkono mpaka juu, kwa nguvu zilezile za mtu mwenye adabu ya udereva, kisha nikaishusha mpaka chini kabisa. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika. Nikainama kuhakikisha: mkono uko chini, taa imekufa. Nikaendesha hadi Mnazi Mmoja, nikasimama, nikavuta, nikashusha. Nikaendelea kwa njia ya uwanja wa ndege, na kila nilipopata pa kusimama nikavuta na kushusha, kama mtu anayesukuma pampu. Madereva wa nyuma walinipigia honi. Mmoja alitoa kichwa: "Mzee, unakwenda au unalala?"

"Nakwenda!" nikamjibu, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza kwa furaha.

Nilikuwa bado sijaifikia njia panda ya Chukwani nilipoisikia ile harufu ya pasi. Sijawahi kuifurahia harufu mbaya kiasi kile. Uani kwa shemegi niliposimama mlio ulikuwa umekwishaanza, mwembamba na mkali, uleule wa Jozani. Nikashuka mbio, nikapeleka mkono kwenye gurudumu la kulia karibu zaidi ya ilivyopasa, na ncha za vidole zikaungua. Nikaitikisa mikono huku nacheka.

Shemegi yangu alitoka na kikoi chake. "Nini tena? Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mkeo. Si yeye aliyeendesha?"

"Nimekuja peke yangu."

Alitazama kiti cha dereva, kisha kiti cha pembeni, kisha moshi. "Basi nawe umesahau kuishusha."

"Njoo uangalie."

Aliingiza kichwa ndani. Mkono wa breki ulikuwa chini. Aliusukuma kwa kiganja uende chini zaidi, haukwenda. "Ala," akasema.

Tulingoja chuma kipoe, nami nikaipata subira ile kwa taabu. Kisha tukayazuia magurudumu ya mbele kwa matofali, tukaiinua nyuma ya gari kwa jeki na kuiegemeza juu ya magogo. Nikaweka giya huru, mkono wa breki chini, nikalishika gurudumu la kulia kulizungusha. Halikuzunguka. La kushoto lilizunguka kwa kukokoteka, likitoa sauti kama ya mtu anayeburuta viatu.

Zilibaki njia mbili. Breki hukazwa na mafuta yanayosukumwa na kanyagio la mguu, au hukazwa na waya unaovutwa na mkono. Kama mafuta ndiyo yaliyokwama na msukumo wake, nikilegeza kiparafujo kidogo kilichoko nyuma ya gurudumu yatatoka na gurudumu litaachia. Nikalala chini, nikakilegeza. Matone mawili matatu yakatoka kwa uvivu. Gurudumu halikuachia. Nikakaza. Njia moja ikawa imefungwa.

"Sasa?" shemegi akauliza. Alikuwa amechuchumaa kando yangu, kikoi amekifunga juu ya magoti, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameanza kutaka kujua.

"Sasa waya."

Ulikuwa umepita chini ya buti, ndani ya ala yake nyeusi ya mpira. Niliufuata kwa tochi kutoka mbele. Mwanzo wake ulikuwa mzima, mweusi, laini. Ulipofika chini ya buti, upande wa kulia, ala ilikuwa imevimba na kupasuka kama ndizi iliyoiva mno, na ndani yake hapakuwa na waya wa kung'aa bali mkate wa kutu, mwekundu, na kandokando yake kuna ukoko mweupe. Nikaugusa ukoko kwa kidole na kuuonja.

"Unakula gari sasa?" shemegi akasema.

"Chumvi."

Niliitenganisha ncha ya waya na kijiti cha chuma kinachovitanua viatu, nikakisukuma kijiti kwa bisibisi, nikalizungusha gurudumu. Likazunguka! Likazunguka bila kelele, likaendelea kuzunguka peke yake baada ya mimi kuliachia, na nikabaki nimelala mchangani nikilitazama kama mtu anayetazama pia ya mtoto. Mambo yote yalikaa mahali pake kwa mara moja. Ukivuta, nguvu za mkono zinaushinda waya uliooza, unakwenda. Ukishusha, hakuna anayeusukuma urudi ila springi ndogo, na springi haina nguvu za mkono, kwa hiyo waya unabaki pale ulipo. Na taa? Taa imeunganishwa na ule mkono tu. Inatazama mkono uko wapi. Haijui habari ya gurudumu. Fundi naye, alipokuwa akisukuma hiki na kile kwa bisibisi, alikirudisha kijiti mahali pake bila kujua kwamba hapo ndipo penye ugonjwa, na mimi nisiyeivuta kamwe nikaendesha gari zima. Kama mke wangu angekuwa dereva mzembe kama sisi, breki zisingeungua hata siku moja.

Ilibaki chumvi. Gari haliogi baharini. Nikamulika juu ya palipopasuka, na mwanga wa tochi ukapita ukaingia ndani ya buti. Palikuwa na tundu la mviringo, zuri, lenye ukingo safi, mahali panapopaswa kuwa na kizibo cha mpira.

"Shemegi," nikaita kutoka chini ya gari.

"Naam."

"Kizibo cha hapa kiko wapi?"

Nikaona nyayo zake zikisogea nyuma kidogo.

"Shemegi?"

"Nilikitoa mie," akasema. "Zamani. Yale magunia ya mwani wa mama yalikuwa yakichuruzika, maji yanatuama humo, gari linanuka. Nikasema niyape njia yatoke."

Mama mkwe hukausha mwani wake Jambiani, lakini mvua zinapokazana hautaki kukauka, na shemegi yangu huuchukua hivyo hivyo mbichi kuuanika kwenye sakafu ya uani kwake Chukwani. Gari la kazi hiyo ni letu. Safari zote hizo maji ya bahari yalikuwa yakipita kwenye tundu lile, tone tone, juu ya waya ambao hakuna aliyeutikisa.

Nilitoka chini ya gari nikiwa na mchanga kichwani. Shemegi yangu alikuwa amekaa chini kabisa, ameshika shavu.

"Usimwambie," akasema.

"N'tamwambia."

"Mwambie waya umekatika tu. Kwani lazima useme habari ya kizibo?"

"Ulimwita 'mwanamke wee' njiani, mbele ya magari yanayopita."

Akaguna. Kisha akasema, "Basi mlete mwenyewe. Nijue moja."

Hilo ndilo nililokuwa nimekwishaamua. Sikutaka kutengeneza chochote kabla hajaona. Niliurudisha waya mbovu mahali pake, nikaliacha gari juu ya magogo, nikarudi mjini kwa kuomba lifti, na ngazi za nyumba yetu nilizipanda kama kijana. Alikuwa jikoni akikuna nazi, amekaa juu ya mbuzi. Nilimweleza yote tangu Mnazi Mmoja: waya, springi, taa isiyojua gurudumu, ukoko wa chumvi. Nadhani nilisema kwa haraka, maana mara mbili aliniambia nipumue. Nilipomaliza alikuwa ameacha kukuna.

"Kwa hiyo nilikuwa nimeishusha," akasema.

"Ulikuwa umeishusha."

"Na mie nilikwambieni vilevile, siku ileile."

"Ulisema."

"Na weye ikabidi gurudumu likwambie ndiyo usadiki."

Furaha yangu yote ilisimama pale mlangoni. Nilitaka kumweleza kwamba sikumkadhibisha, kwamba nilisema tu sikuona, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Ni kweli kwamba ni mawili. Lakini aliyekaa kiti cha nyuma njia nzima akitazama dirishani si mimi. "Ndiyo," nikasema.

Akanitazama kidogo, akafuta mikono. "Liko wapi hilo gari?"

Tulipofika Chukwani shemegi yangu alikuwa amemwita na fundi, pengine ili lawama zipate watu wa kugawana. Mke wangu aliwasalimia wote vizuri mno. Akaingia ndani ya gari na buibui lake, akaivuta breki ya mkono, akaishusha, akatoka, akalishika gurudumu la kulia kwa mikono miwili. Halikwenda.

"Kaka," akaita.

"Naam, dada." Mimi sijawahi kumsikia akimwita dada, yeye ndiye mkubwa.

"Hebu nishushie hiyo breki. Labda mkono wa kike haujui."

"Ah, bibi we, yashakwisha hayo."

"Nishushie."

Aliingia, akaivuta, akaishusha kwa kishindo. Mke wangu akamwashiria gurudumu. Shemegi akatoka, akalikumbatia, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halikwenda.

"Umeishusha wapi?" mke wangu akamuuliza.

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mwishowe shemegi mwenyewe akakaa chini akicheka na kikoi chake chote mchanga. "Nimekoma," akasema. "Wallahi nimekoma. Na kizibo nilitoa mie. Nishaungama yote."

"Kizibo gani?" mke wangu akauliza, kwa maana hilo nilikuwa nimemwachia kaka yake alitamke mwenyewe.

Fundi alipopata pumzi akashauri njia fupi. "Huu tuukate tu, mzee. Nikate hapa na hapa, breki hazitaungua tena maisha. Kisiwa hiki nani anauhitaji?"

"Mie," mke wangu akasema kabla sijafungua mdomo.

Waya mpya haukupatikana upesi. Tuliuliza Darajani, tukauliza Mwanakwerekwe, mwisho tukatumiwa jozi nzima kwa boti kutoka Dar es Salaam, na siku zile zote za kungoja nilikwenda bandarini na hamu isiyohusu kazi. Tuliufunga mimi na fundi, wa kulia na wa kushoto. Nikatia grisi kila unapopinda. Shemegi yangu alinunua kizibo mwenyewe, akakibandika mwenyewe, akakigonga kwa ngumi kuhakikisha, na akaleta karai pana la plastiki la kuwekea magunia. Tukavuta na kushusha mpaka mkono ukachoka. Kila uliposhuka, magurudumu yote mawili yalizunguka kama yamepakwa mafuta.

Asubuhi ya Jumamosi nilivaa viatu ili nifuatane naye Jambiani. Shemegi yangu naye alikuwa amekuja, amekwishafungua mlango wa nyuma.

"Mnakwenda wapi nyie?" mke wangu akauliza.

Tukatazamana.

"Mie nnakwenda kwa mama," akasema. "Nilimwambia n'takwenda mwenyewe."

Akashusha breki ya mkono na kuondoka, akapita kati ya malori yanayongoja kuingia bandarini, akakata kulia. Sisi wawili tulirudi juu tukakaa na chai iliyopoa. Nilihesabu njia kwa mawazo: sasa Tunguu, sasa matuta ya Jozani, anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Nilikuwa na hakika na kazi yangu, na hata hivyo sikuweza kukaa kitini. Shemegi yangu alichungulia dirishani kila lilipopita gari, kana kwamba angeweza kuiona Jambiani kutoka Malindi.

Simu ilipolia niliipokea kabla haijalia vizuri.

"Nimefika," akasema.

"Magurudumu je? Umeyapima? Mgongo wa mkono, usiguse chuma, anza la..."

"Baridi. Yote."

"Yote manne?"

"Yote manne, bwana. La nyuma la kulia nimelishika kwa kiganja kizima." Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama mkwe akiuliza mlango wa gari unafunguliwaje, na kuku, na mtu akicheka. "Sasa nisikilize. Mama anataka kwenda Makunduchi kumwona dada yake, hawajaonana tangu magoti yaanze. Kutoka hapo labda tutapita Kizimkazi. Usinipigie nikiwa naendesha."

"Utarudi saa ngapi?"

"Nikishamaliza," akasema, na simu ikakatika.

Shemegi yangu alikuwa amesimama, kikombe mkononi. "Anasemaje?"

"Anasema tusimsumbue."

Akaketi, akanywa ile chai iliyopoa yote kwa mara moja. "Makunduchi!" akasema. "Mimi mwenyewe sijampeleka mama Makunduchi."